Uchambuzi wa kisa: dodoso la mguu na kifundo, na wakulima waliokosa alama

Kisa hiki nawaandikia wenzangu wa kliniki za mifupa na wa mazoezi tiba, hasa wale wanaojiandaa kuchukua dodoso la kizungu la wagonjwa, walitafsiri, alafu walipime kama linawafaa watu wetu. Kimetokea kwenye hospitali moja huku nyanda za juu kusini. Jina la hospitali nimeliacha, mwaka nimeuacha, na wagonjwa wanaotajwa humu nimewabadilisha umri na makazi kidogo ili asitambulike mtu. Mimi nilikuwa upande wa kukusanya majibu, yaani wale wanaokaa na mgonjwa kwenye benchi na kumsomea swali moja moja, kwahiyo ninachoeleza zaidi ni kile kilichoonekana pale benchi.

Kliniki na wagonjwa wake

Ukikaa kliniki ya mifupa huku kwetu siku moja tu utawaona wote: kijana wa bodaboda aliyevunjika kifundo baada ya pikipiki kumlalia, mama aliyeteleza kwenye mteremko wa tope akiwa na ndoo ya viazi kichwani, mchuma chai wa Rungwe ambaye kisigino kinamuuma akiamka asubuhi mpaka anatembelea vidole, mchezaji wa timu ya mtaa aliyeteguka enka kwa mara nyingine. Wengi wanaanzia kwa fundi wa kuunga mifupa kijijini ndo hospitali inafuata. Wanafungwa piopii (plasta ngumu) au wanawekewa vyuma, alafu wanarudi baada ya wiki kadhaa kupiga picha.

Shida ilikuwa hapo kwenye kurudi. Picha inaonyesha mfupa umeunga, daktari anauliza "unaendeleaje mama?", mama anajibu "naendelea vizuri mwanangu, tunamshukuru Mungu", daktari anaandika anaendelea vizuri, foleni inasogea. Mama huyohuyo ukikutana naye getini anakwambia toka aumie hajashuka mtoni wala hajashika jembe, wajukuu ndo wanamchotea maji. Hajadanganya mtu. Ameulizwa kama anavyosalimiwa na yeye kaitikia, kwa malezi yetu huanzi kumwaga matatizo yako mlangoni kabla hujakaribishwa kukaa. Kwahiyo timu ikataka kipimo ambacho mgonjwa mwenyewe anajibu, chenye maswali ya moja kwa moja kuhusu maumivu na kazi zake, na kinachotoa namba unayoweza kuiweka sambamba kabla na baada ya matibabu.

Dodoso walilochagua

Mezani yaliletwa madodoso matatu. MOXFQ la Oxford, Uingereza, lenye maswali 16, ambalo mwanzoni lilitengenezwa kwa ajili ya watu wanaofanyiwa upasuaji wa kidole gumba kilichopinda. FAAM la Marekani, lililochapishwa 2005, maswali 21 ya shughuli za kila siku na 8 ya michezo. Na FAOS, lililochapishwa 2001 na Ewa Roos na wenzake wa Sweden, ambalo limetokana na dodoso lao la goti liitwalo KOOS na likapimwa kwanza kwa wagonjwa waliotengenezewa ligamenti za kifundo, yaani nyuzi zinazoshika mifupa pamoja.

Wakachukua FAOS. Halilipiwi, linagusa matatizo mengi ya mguu na sio ugonjwa mmoja, na kwa vile lina undugu na lile la goti waliona kazi watakayofanya itawasaidia na huko mbele. Lina maswali 42 kwenye sehemu tano: maumivu 9, dalili 7, shughuli za kila siku 17, michezo na burudani 5, na maisha kwa ujumla 4. Kila swali lina majibu matano yanayopewa 0 (hamna shida) mpaka 4 (shida kupita kiasi), mgonjwa anajibu akiangalia wiki moja iliyopita, na kila sehemu inapigiwa hesabu yake peke yake kuwa alama 0 hadi 100, ambapo 100 maana yake hamna tatizo kabisa.

Kuna sheria moja ya FAOS ambayo msomaji inabidi aishike maana kisa chote kimekaa juu yake. Mgonjwa akiacha swali moja au mawili kwenye sehemu, unajaza kwa wastani wa majibu yake mengine ya sehemu hiyo. Akiacha zaidi ya mawili, sehemu hiyo haipati alama.

Kutafsiri

Hapa timu ilifanya kazi nzuri na nasema hivyo kwa moyo wote. Walifuata mwongozo wa Beaton na wenzake wa mwaka 2000, ambao ndo watu wengi wanautumia. Watafsiri wawili kila mtu kivyake, mmoja mtaalamu wa mazoezi tiba anayejua dodoso linapima nini, mwingine mwalimu wa Kiswahili asiyejua lolote la hospitali. Wakakaa pamoja wakaunganisha. Alafu watu wengine wawili ambao hawajawahi kuliona dodoso la kizungu wakarudisha ile tafsiri kwenye Kiingereza, kisha kamati ikakaa na makaratasi yote.

Mambo mawili ya lugha yalichukua muda na yalistahili. La kwanza ni mguu wenyewe, kwamba kwetu mguu unaanzia nyongani mpaka kwenye kucha, kwahiyo mtu mwenye goti bovu atajibu dodoso zima kuhusu goti na karatasi haitaonyesha chochote. Wakaandika "mguu kuanzia kifundo (enka) kushuka chini" na juu ya ukurasa wakaweka mchoro wenye kivuli kwenye sehemu inayoulizwa. Ule mchoro umesaidia kuliko sentensi yoyote, mgonjwa anaweka kidole kwenye mchoro kabla hujaanza kumsomea. La pili ni neno ugumu. Sehemu ya shughuli za kila siku inauliza unapata ugumu kiasi gani, na sehemu ya dalili inauliza kiungo kukakamaa asubuhi, na mwalimu wa Kiswahili kote kote aliandika ugumu. Benchi walisikia kitu cha tatu kabisa: mama mmoja alivua kandambili akatuonyesha magaga ya kisigino, "huu hapa ugumu, nasugua na jiwe lakini wapi". Ikabadilishwa ikawa "kukaza" kwenye dalili na "shida" kwenye shughuli, na mkanganyiko ukaisha.

Majibu ya ngazi tano nayo yalichezewa kidogo. "Wastani" ilitolewa kwa sababu wazee waliisikia kama "kawaida", na mguu wa kawaida ni mguu mzima. Yakabaki hamna, kidogo, kiasi, sana, na kupita kiasi. Kila mgonjwa wa majaribio alipewa kadi tano zilizochanganywa azipange mwenyewe kuanzia nafuu mpaka mbaya, na karibu wote walizipanga sawa.

Uamuzi wa kubaki na maisha ya wenye dodoso

Sasa tunakuja kwenye sehemu yenyewe. Sehemu ya shughuli za kila siku ya FAOS inauliza kushuka ngazi, kupanda ngazi, kuvaa soksi, kuvua soksi, kuingia na kutoka kwenye gari, kwenda kununua mahitaji, kuinuka chooni, kuingia na kutoka kwenye bafu la kizungu, yaani lile sinki refu ambalo mtu anaingia mzima. Kwa mtu wa Sweden hiyo ni siku yake ya kawaida kutoka asubuhi mpaka jioni. Kwa mkulima wa viazi wa Uporoto, nyumba iko chini haina ngazi, anaogea ndoo nyuma ya ukuta wa mabanzi, choo ni cha kuchuchumaa, na mguuni ni kandambili au gambuti.

Kwenye tafsiri ya kwanza swali la bafu liliandikwa "kuingia na kutoka bafuni". Kila mtu alijibu haraka: hamna shida. Mzee mmoja aliyekuwa anatembelea magongo mawili naye akajibu hamna shida, nikamuuliza baba umeelewaje hapo, akasema bafuni kwao ni hatua tatu kutoka mlangoni na pako sawa kama sakafu, anaingia vizuri tu. Yaani amejibu swali letu kwa ukweli kabisa, na karatasi imempa alama ya mzima. Kamati walipoletewa hilo wakasahihisha ikawa "sinki kubwa la kuogea". Hapo watu wakaacha kujibu.

Kamati ilijadili sana wabadilishe au waache. Muuguzi mkuu wa kliniki alitaka ngazi iwe mteremko na sinki liondoke. Upande mwingine, ambao ndo ulishinda, walikuwa na hoja mbili. Ya kwanza, ukigusa maswali huwezi tena kulinganisha wagonjwa wako na wa nchi nyingine, na hiyo ndo faida kubwa ya kuchukua dodoso linalojulikana badala ya kutunga lako. Ya pili, tafsiri iliyorudishwa kwenye Kiingereza ilikuwa imefanana na dodoso la asili karibu neno kwa neno, kwahiyo walisema tafsiri imethibitika. Walikubali kugusa choo tu, kikawa "kutumia choo, cha kukaa au cha kuchuchumaa". Mengine yakabaki.

Hoja ya kwanza ni ya maana na naiheshimu. Ya pili ndo inahitaji kuangaliwa vizuri, nitairudia chini.

Kupima

Malengo ya idadi yalitoka kwenye vigezo vya Terwee na wenzake vya 2007 vya kupima ubora wa madodoso: angalau watu 50 kwa kuangalia kama majibu ya mara mbili yanafanana, na angalau 100 kwa kuangalia kama maswali ya sehemu moja yanakwenda pamoja, ambapo alfa ya Cronbach inatakiwa iwe kati ya 0.70 na 0.95. ICC, ile ya majibu ya mara mbili, ifike 0.70. Na wakiwa zaidi ya asilimia 15 wamerundikana kwenye alama ya juu kabisa au ya chini kabisa, kipimo hakiwaoni vizuri watu wa huko mwisho. Kwa kulinganisha walitumia SF-36 ya Kiswahili, dodoso la afya kwa ujumla, ambayo ilishafanyiwa kazi hapa Tanzania na kuchapishwa 1999, na wakaandika mapema wanachotegemea, kwa mfano kwamba alama za shughuli za kila siku ziende karibu na sehemu ya uwezo wa mwili ya SF-36 kuliko na sehemu ya afya ya akili.

Kibali kilipatikana, ukusanyaji ukaanza kipindi cha kiangazi, na wagonjwa wasiosoma vizuri tuliwasomea. Hapo ndo tulipolikuta tena lile jambo la salamu. Ukimsalimia bibi "shikamoo", akakuitikia "marahaba mjukuu wangu", ukaunganisha tu na "je wiki hii umepata maumivu mara ngapi", anaendelea na adabu ileile, "sio sana, tunashukuru". Tukakubaliana wote tuwe na sentensi moja kati ya salamu na maswali: "Bibi, sasa hivi nakuuliza ili tujue pa kukutibu, ukiniambia hauumi nitaandika hauumi na hautapewa dawa wala mazoezi." Imesaidia waziwazi, na ilisomwa vilevile kwa kila mtu ili isiwe huyu kasikia hivi na yule kasikia vile.

Kurudia kujibu baada ya wiki mbili ndo kulikuwa kazi. Nauli ya kutoka Makete au Ileje kuja kujibu karatasi ambayo ulishaijibu, nani atoe? Mradi ulilipa baadhi, waliobaki walipigiwa simu. Kwahiyo mara ya kwanza mtu kajibu kwa kuonyeshwa mchoro na kusomewa uso kwa uso, mara ya pili anajibu kwenye simu akiwa shambani na mtandao unakatika katika. Alafu mvua zikaanza katikati ya zoezi. Mwezi wa kumi na moja mtu ambaye mguu wake "haujabadilika" anakuwa ameanza kulima, na mguu wa mtu anayelima sio mguu wa mtu aliyekaa, hata kama ni mguu uleule na tiba ileile.

Alama zinakosekana

Majibu yalipoingizwa kwenye kompyuta, alfa zilikuja nzuri sana. Sehemu ya shughuli za kila siku ndo ilikuwa ya juu kuliko zote. Watu walifurahi na rasimu ya ripoti ikaanza kuandikwa.

Aliyesimamisha ni muuguzi mmoja wa kukusanya majibu. Aliangalia jedwali la wagonjwa walioingia kwenye hesabu akauliza wale mama zangu wa vijijini wako wapi, maana aliwahoji wengi na anawakumbuka. Kweli hawakuwepo. Programu ya takwimu ikipiga alfa inatupa fomu yoyote yenye swali hata moja lililoachwa wazi kwenye sehemu hiyo, na isipokuwa umesoma ule mstari mdogo unaosema zimetumika fomu ngapi, hutajua. Kwenye alama nako sheria ya maswali mawili imewaondoa: ngazi mbili, soksi mbili, sinki moja, hayo ni matano tayari. Hata mtu wa Makete au Njombe ambaye mwezi wa sita anavaa soksi kwa baridi na kwahiyo soksi amezijibu, bado anabaki na matatu wazi, na matatu ni mengi mno.

Fomu zikamwagwa mezani na kupangwa mafungu kwa makazi. Watu wa mjini na wa kando ya barabara kuu, walimu, wafanyabiashara, madereva, wanafunzi, fomu zao zimejaa. Wakulima wa milimani, hasa wanawake wa makamo na wazee, fomu zao zina mashimo palepale kwa kila mmoja. Maana yake ile alfa nzuri ilikuwa ya watu wa mjini. Na mgonjwa ambaye dodoso lilitafutwa kwa ajili yake, yule mama wa "naendelea vizuri mwanangu", ndo alikuwa hana alama.

Sehemu ya michezo na burudani nayo ilikuwa na lake. Ina kuchuchumaa, kukimbia, kuruka, kugeuka ghafla ukiwa umekanyagia mguu mbovu, na kupiga magoti. Ukisoma kichwa cha habari "michezo na burudani" bibi anacheka anasema mpira wawaachie vijana, na sehemu nzima inarukwa. Wakati kuchuchumaa na kupiga magoti kwake ni choo, ni kufua, ni kupalilia, ni kuwasha moto jikoni, ni kanisani. Hayo ndo maswali mawili yanayomhusu kuliko yote kwenye dodoso zima, na yamewekwa mahali ambapo hayasikii.

Walichoamua baada ya hapo

Yalitolewa mapendekezo manne. Kujaza mashimo na 0, yaani hamna shida, likakataliwa kwa sababu unamponya mtu kwenye karatasi. Kujaza na 4 likakataliwa kwa sababu hiyohiyo kwa upande wa pili. Kuyafuta maswali matano kabisa, likakataliwa kwa sababu wenye dodoso wanatoa alama kwa maswali 17 na ukifuta unakuwa na kitu kingine chenye jina lao. La nne likapita: kurudi benchi na kumuuliza kila aliyeacha swali kwa nini ameacha.

Hii ndo hatua ninayoipenda kuliko zote kwenye kisa hiki. Tulifikiri sababu itakuwa moja, kwamba kwao hamna ngazi. Zikatoka mbili. Wengine kweli hawana ngazi wala sinki. Lakini wapo walioacha swali kwa sababu wameacha hiyo kazi toka waumie. Baba mmoja aliacha wazi swali la kazi nzito za nyumbani, kuulizwa akasema "hizo sifanyi", tukamuuliza tena kabla ya kuumia je, akasema alikuwa anabeba magunia ya viazi mwenyewe kutoka shambani mpaka gari linapofika. Huyo sio shimo. Huyo ni 4, shida kupita kiasi, mguu umemnyima kazi yake. Ukijaza kwa wastani wa majibu mengine unamfanya aonekane nafuu kuliko alivyo.

Kwahiyo toleo la pili likawa na vitu vitatu. Kila swali la shughuli likapewa kisanduku cha pembeni chenye majibu mawili: "sifanyi kwa sababu kwetu hakuna" na "sifanyi kwa sababu ya mguu", na hilo la pili linahesabiwa 4. Ngazi zikawa "kushuka ngazi au mteremko mkali" na "kupanda ngazi au mlima", soksi zikawa "soksi, viatu vya kufunga au gambuti", sinki likawa "kuinama na kusimama wakati wa kuoga". Na kichwa cha sehemu ya michezo kikasomwa "kazi na michezo inayotumia nguvu za mguu". Maswali yakabaki 42.

Mwongozo wa Beaton unaruhusu kubadilisha hivi. Unataka tafsiri ilingane na ya asili kwa maana, kwa misemo, kwa dhana, na pia kwa uzoefu wa maisha, na mfano wake mwenyewe ni swali la kula kwa uma kwenye nchi ambayo watu hawali kwa uma. Mlima badala ya ngazi ni jambo hilohilo: kifundo kinakunjwa na uzito wa mwili wote unashuka juu yake. Sinki lilikuwa na ubishi zaidi na sidhani kama uliisha, kwa sababu kuingia kwenye sinki ni kunyanyua mguu mmoja na kusimama na mwingine, wakati kuoga kwa ndoo ni kuinama. Ingefaa zaidi "kuruka mtaro au kigogo", kila mtu huku anavuka mtaro kila siku. Hoja hiyo ilitolewa fomu zikiwa zimeshachapwa.

Matokeo

Wakulima walirudi kwenye hesabu. Sehemu ya shughuli za kila siku ikawa inapata alama kwa karibu kila mgonjwa, alfa ikashuka kidogo lakini ikabaki ndani ya mipaka, na ulinganisho na SF-36 ukaenda kama walivyotabiri kwa sehemu kubwa. Maumivu na dalili hazikuwa na tatizo toka mwanzo. Majibu ya mara mbili yalikuwa imara kwa waliojibu uso kwa uso mara zote mbili na yalilegea kwa waliopigiwa simu, ila kwa vile waliopigiwa simu ndo haohao wa mbali na ndo haohao waliokuwa wameanza kulima, huwezi kusema ni simu au ni jembe.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi ni mchoro, kadi za kupanga, na kumuuliza mtu ameelewaje kabla ya kumuuliza anaumwaje. Ni vitu vya bei rahisi na vyote vimefanyika kabla ya kompyuta kuwashwa. Watafsiri wawili wenye macho tofauti nao walisaidia: mwalimu alitoa Kiswahili kinachosomeka, mtaalamu alizuia maana isipotee.

Kilichoshindwa ni kuichukua tafsiri iliyorudishwa kama ushahidi kwamba dodoso linafaa. Tafsiri ya neno kwa neno ndo inarudi vizuri kuliko zote. Andika "kuvaa soksi", itarudi soksi bila shaka yoyote, na bado hujajua kama kuna mguu wa kuvaa hizo soksi. Kurudisha tafsiri kunakagua karatasi mbili, mgonjwa hayumo. Ushahidi kuhusu mgonjwa ulikuwa kwenye majaribio ya benchi, na ulishatokea mapema kabisa kwa yule mzee wa magongo, ila kamati iliusoma kama kosa la neno bafu, ikarekebisha neno, ikaendelea. Hapo ndo pa kusimama: mgonjwa akijibu kitu kisichoendana na mwili wake mbele yako, angalia kwanza kama hiyo shughuli ipo kwenye siku yake, neno litafuata.

Alfa nayo ilipewa kazi isiyo yake. Inasema maswali ya sehemu moja yanapanda na kushuka pamoja kwa watu waliojibu. Ukiwa na maswali 17 yanayofanana fanana itakuwa juu tu, na ikivuka 0.95 ni dalili kwamba unauliza kitu kilekile mara nyingi. Waliokosa kujibu haiwajui. Kwahiyo kwenye timu yoyote ningependa jedwali la kwanza kuchapwa liwe la mashimo: swali gani limeachwa na wangapi, wa wapi, umri gani, mwanamke au mwanaume. Alfa ije baadaye. Ni kazi ya mchana mmoja.

Kuhusu ile hoja ya kulinganisha na nchi nyingine, naiona hivi. Ukiwa na maswali ya asili na nusu ya wagonjwa hawana alama, unacholinganisha na Sweden ni walimu na wafanyabiashara wa mjini. Ukibadilisha ngazi kuwa mlima unapoteza kidogo cha usawa na unapata wagonjwa wako. Muhimu ni kuandika wazi kila kilichobadilishwa na kwa nini, na kuwapelekea wenye dodoso walione, ambacho timu ilikifanya.

Simu sio mbaya kwa nchi yenye nauli kama zetu, ila basi ipimwe kama njia: wachache wa karibu wajibu kwa njia zote mbili ndani ya siku chache kabla hujaitegemea kwa wa mbali. Na zoezi la kurudia likae ndani ya msimu mmoja, lote kiangazi au lote masika.

Sehemu ya kazi na michezo bado haijakaa sawa. Inapata alama sasa, lakini bibi akiacha kukimbia na kuruka, yale mawili yanajazwa kwa wastani wa kuchuchumaa, kugeuka na kupiga magoti, wakati kijana wa mpira alama yake inatoka kwenye yote matano. Namba 60 ya bibi na 60 ya kijana hazisemi kitu kimoja. Kwa sasa kliniki haichanganyi alama za sehemu hiyo kwa umri tofauti, na swali la kuchuchumaa na la kupiga magoti yanaandikwa kwenye faili la mgonjwa kila moja peke yake, ili mtu wa mazoezi tiba akifungua faili ayaone kabla hajaona alama.